Umilisi na utendi: kosa ni la nani?

Mwanafunzi wa isimu, yaani taaluma ya lugha, hukutana mapema na jozi hii ya dhana. Umilisi ni ujuzi wa lugha alio nao mzungumzaji akilini. Utendi ni yale anayotamka hasa, pamoja na kusitasita na sentensi zinazokatikia njiani. Mwanaisimu Noam Chomsky alizitenganisha mwaka 1965, akataka nadharia ishughulike na msemaji bora (wa kufikirika, asiyekosea) katika jamii isiyo na tofauti za usemaji.

Hoja yake si ya kubeza. Tazama sentensi hii: "Mtoto ambaye mwalimu ambaye mzazi alimwita alimsifu alilia." Nani alilia? Hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa hapo. Kinachoelemewa ni kumbukumbu ya msikilizaji. Chukua kalamu, utaifumbua. Bila kutenganisha dhana hizi tungedai sarufi inakataza jambo ambalo haikatazi.

Taabu huanza pale utendi unapogeuzwa jaa la kutupia kila kisichoafiki nadharia. Mtu akisema "kitabu wangu" kisha akajisahihisha papo hapo, ulimi umeteleza. Ila wapo wasemao "kitabu yangu" na "mti yangu" kila siku, wakaelewana bila shida. Hao hawatelezi. Wana kanuni, ingawa si ile ya vitabu vya sarufi (na mwalimu wa insha ana haki ya kuikataa, lakini hilo ni suala jingine).

Mwanaisimu William Labov alionyesha jambo la aina hiyo katika utafiti aliouchapisha mwaka 1966. Aliwauliza wauzaji wa maduka matatu makubwa ya New York mahali ilipo bidhaa ambayo alijua iko ghorofa ya nne, kisha akajifanya hakusikia ili warudie. Jibu, "fourth floor", lina sauti /r/ ambayo wengine huitamka na wengine huiacha. Sauti hiyo ilisikika zaidi katika duka la hadhi ya juu, na kwa jumla ikaongezeka jibu liliporudiwa. Tofauti zile zilikuwa na mpangilio.

Mwanaisimu mwingine, Dell Hymes, akaenda mbali zaidi: kujua la kusema, kwa nani na wakati gani, nako ni umilisi. Hapo nasita. Ukiingiza adabu, utani na hata kunyamaza, dhana inakuwa pana mno kupimika. Mpaka wa Chomsky ningeubakiza. Jamii yake isiyo na tofauti ningeiacha, kwa kuwa kutenga kumbukumbu na sarufi hakudai wasemaji wote wafanane.