Nimelipia Ukungu

Jamani, mimi mtu wa Mbagala. Baridi naijua ile ya kwenye friji. Sasa mjomba katibiwa goti Coimbatore, huko kusini mwa India, daktari kasema tusubiri wiki nzima ndipo tupande ndege. Mjomba akawasikia wagonjwa wenzake wakiisifu Ooty, mji wa milimani, basi ikawa wimbo: "Mpwa wangu, tuje India tuone korido za hospitali tu?"

Tukapanda treni Mettupalayam asubuhi na mapema. Kilomita 46, safari ya karibu saa tano! Reli yenyewe ina meno katikati, treni inapanda kama mgema kwenye mnazi, na kichwa kiko nyuma kinasukuma. Kinatumia mvuke, kwa hiyo njiani kinasimama kinywe maji. Kichwa kinakunywa, mimi chupa yangu nimeambiwa niiache chini, eti milima ya Nilgiri haitaki chupa za plastiki. Mjomba akanisomea kwenye simu kwamba reli hii ilifika Ooty mwaka 1908. Nikamwambia labda ni treni hii hii, ndiyo kwanza inafika.

Kufika juu, zaidi ya mita 2,200, nimevaa yeboyebo. Meno yakaanza kugongana kama vijiko kwenye beseni la mama lishe. Nikakimbilia sweta. Lililonienea lilikuwa moja tu, la pinki, lina paka kifuani. Nikavaa. Aibu ya nini, nani ananijua huku? Sijamaliza hata kufunga vifungo, nyuma yangu nasikia, "Shikamoo mzee!" Vijana wawili wa chuo, wa kwetu kabisa, wanajikaza wasicheke. Mmoja akashindwa.

Mjomba naye na fimbo yake akang'ang'ania kilele cha Doddabetta, mita 2,637, eti ukisimama pale milima yote iko chini yako. Tukalipa kiingilio. Ukungu. Mkono wangu mwenyewe nauona kwa kubahatisha. Pana darubini, nikapanga foleni, nikachungulia: ukungu ule ule, ila mkubwa zaidi. Mjomba kajikunyata na kikombe cha chai, anasema, "Pazuri sana hapa." Pazuri wapi, mjomba?

Nikapiga picha nikamtumia mama watoto. Akapiga simu papo hapo, sauti inatetemeka:

"Baba Salma, mbona nyuma kweupe hivyo? Mmerudishwa wodini? Na hilo sweta la nesi gani?"