Sahani Yangu Ilirudi Tupu

Juzi nilikuwa Ngamiani, hapa Tanga, barazani kwa shangazi, tunamuaga kijana wa jirani anayekwenda Ujerumani kufanya kazi ya uuguzi. Kila mtu ana ushauri. Vaa soksi mbili. Nunua koti zito. Na wasiowahi kuvuka hata mpaka wa Horohoro kuingia Kenya ndio wenye sauti kubwa! Mimi niliyekaa Leipzig, huko huko Ujerumani, miaka minne nimetulia na kikombe changu cha kahawa, moyoni nachemka.

Baridi, baridi! Baridi dawa yake koti. Desemba jua linazama saa kumi jioni, unazoea. Jumapili maduka yamefungwa. Hukununua vitunguu Jumamosi, shauri yako. Hata baiskeli: mimi, mtoto wa Tanga niliyekulia kwenye keria, nilisimamishwa na polisi eti sina taa. Hayo ya kucheka.

Kilichoniliza ni sahani.

Mwezi wangu wa pili nilipika pilau, nikapakua, nikafunika, nikashuka kwa mzee wa ghorofa ya chini. Kule hakuna hodi hodi. Hata ndugu wa damu huja kwa miadi. Akafungua mlango nusu, akaitazama ile pilau kama barua ya polisi, akaniuliza kuna tatizo gani. Mwishowe akapokea. Kesho yake naikuta sahani mlangoni kwangu, imeoshwa inang'aa, na kikaratasi: "Asante."

Tupu, jamani! Kwetu hata nyumba isiyolaza kitu itatia ndimu mbili, au kipande cha mkate wa kumimina. Sahani hurudi tupu kwa waliogombana. Mwezi mzima nikawa napita mlangoni kwake nimenuna, naye maskini ananisalimu kwa adabu zake zote, hajui kosa lake.

Januari theluji ikaanguka. Kwenye jengo letu wapangaji tulipokezana zamu za kuisafisha njiani, alfajiri, kabla watu hawajatoka. Mtu akiteleza akavunjika, kesi ni yako. Ilikuwa wiki yangu. Nikatoka kazini usiku, nikajitupa kitandani, nikashtuka saa tatu asubuhi. Nikashuka mbio na koleo: njia safi, imeshamwagiwa na mchanga. Mzee yuko pale anakung'uta viatu. Nikaanza kushukuru, akanikata: "Ulikuwa kazini usiku." Akaingia, akafunga mlango.

Haya. Kumbe alikuwa na sahani yake, na haikuwa tupu. Nakubali, shingo upande. Wanaorudi kutuhubiria utaratibu wa Wazungu wananichosha. Wanaosema Wazungu hawana utu wananichosha zaidi.

Kijana akaja kunipa mkono. "Shikamoo mama mdogo. Wewe huna la kuniusia?"

"Marahaba. Beba iliki na mdalasini, baba. Ukipika, pelekea wa chini."

Sikumwambia kwamba yule mzee nilimpelekea pilau miaka yote minne, na sahani ikarudi inang'aa kila mara. Hata ndimu moja!