Uganga Ulihamia Jukwaani

Tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki aliapishwa kuwa rais wa Kenya pale Uhuru Park, Nairobi, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta kwa sababu ya ajali ya barabarani aliyoipata wakati wa kampeni. Rais aliyeondoka, Daniel arap Moi, aliyetawala miaka 24, alizomewa na kurushiwa matope. Watu waliimba "Yote yawezekana bila Moi". Wimbo wenyewe ulitoka kanisani, ambako yote huwezekana kwa imani.

Mwaka 1917 mwanasosholojia Max Weber aliwaambia wanafunzi mjini Munich kwamba dunia ya kisasa imevuliwa uganga. Anayepanda tramu hajui inavyokwenda, lakini ana hakika kwamba akitaka kujua atajua. Hana haja ya kutambikia mzimu wowote. Kuhusu tramu nakubaliana naye. Kuhusu watu nina shaka, maana kwetu uganga haukuondoka, ulihamia jukwaani. Tuliahidiwa ajira laki tano kila mwaka na katiba mpya ndani ya siku mia moja, nasi hatukuuliza zitapatikanaje. Tulipiga vigelegele.

Haikuwa ndoto tupu. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure na watoto zaidi ya milioni moja wakafurika madarasani. Lakini kinachonikaa akilini zaidi ni yaliyotokea kwenye matatu, yale magari ya abiria. Askari wa trafiki akinyoosha mkono apokee kitu kidogo, abiria walishuka, wakamzingira, wakataka yeye ndiye apelekwe kituoni. Hakuna aliyewatuma.

Kisha mambo yakaharibika, tena haraka. Mkataba wa maelewano kati ya vigogo wa NARC, muungano wa vyama uliomwingiza Kibaki madarakani, ulitupwa. Mwaka 2004 ikazuka kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba ya serikali na kampuni hewa, na mapema 2005 John Githongo, aliyekabidhiwa kazi ya kupambana na ufisadi, akakimbilia Uingereza. Novemba hiyo, kwenye kura ya maoni ya rasimu ya katiba, tukagawanyika chungwa (hapana) na ndizi (ndiyo). Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa.

Kudanganywa na mwanasiasa tumekuzoea. Kwa maoni yangu kilichotuumiza zaidi ni kuionea aibu furaha yetu wenyewe. Aliyemkemea askari mwaka 2003, miaka mitatu baadaye angeonekana mshamba. Makanga alirudia kukunja noti kiganjani, na sisi abiria tukageuza macho dirishani. "Wote ni wezi" ikawa hekima ya kila kibanda cha chai. Na hakuna anayefaidika na kauli hiyo kuliko mwizi: wote wakishakuwa wezi, yeye ajitetee kwa lipi?

Ndiyo maana siwaelewi wanaotuhimiza turudishe ari ya 2002. Ilikuwa tamu, sikatai, na nisingekataa kuionja tena. Ila ilikuwa ari ya kumngoja mtu mmoja atutendee.

Mimi natazama zaidi tarehe 4 Agosti 2010, siku ya kura ya maoni ya katiba mpya. Waliopanga foleni siku ile walikuwa wameungua. Wengine walikuwa bado hawajarudi kwenye mashamba waliyofukuzwa. Nyimbo zilipungua, vijitabu vya rasimu vikasomwa, watu wakabishana kifungu kwa kifungu kuhusu ardhi, mahakama za kadhi na uavyaji mimba. Karibu asilimia 67 walisema ndiyo. Wengi niliowasikia waliitaka katiba ile hasa kwa sababu hawakumwamini mtu yeyote: walitaka magavana wagawane madaraka na rais, na mahakama iwachunge wote. Kutokuamini kwao kulikuwa na kazi ya kufanya, tofauti kabisa na kule kwa kibanda cha chai.

Mahakama ya Juu iliyozaliwa na katiba hiyo ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, rais akiwa bado madarakani. Sikumbuki mgombea yeyote aliyewahi kutuahidi jambo hilo jukwaani.