Hasira za Kuazima Juu ya Ngozi ya Starfire

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kondele, hapa Kisumu, katika duka dogo ambako vijana huenda kujaziwa filamu na tamthilia kwenye flashi, na nikasikia jambo ambalo limeninyima utulivu hadi leo. Kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alitoa simu, akawaonyesha wenzake picha ya zamani ya mwigizaji Anna Diop akiwa katika maleba ya Starfire, shujaa wa kike wa tamthilia ya Marekani iitwayo Titans, ile iliyopigwa barabarani wakati msimu wa kwanza ulipokuwa ukirekodiwa, kisha akasema maneno kuhusu weusi wa mwigizaji huyo ambayo sitayarudia hapa. Wote wakaangua kicheko. Msichana mmoja, mwenye rangi ile ile ya Diop, alikuwa amesimama mbele ya kaunta na flashi mkononi, na muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia akiulizia msimu wa tatu wa tamthilia hiyo hiyo. Naye alicheka kidogo, kisha akamwambia mwenye duka amtilie tamthilia ya Kikorea.

Picha hiyo ilisambaa Aprili 2018, miezi sita kabla ya Titans kuanza kuonyeshwa. Diop, mzaliwa wa Senegal aliyelelewa Marekani, alionekana amevaa koti la zambarau lenye manyoya, gauni fupi la kumetameta na wigi jekundu. Matusi ya kibaguzi yalimiminika katika ukurasa wake wa Instagram hadi akafunga sehemu ya maoni. Hakuna hata mmoja kati ya waliomtukana aliyekuwa ameiona kazi yake katika Titans, kwa sababu haikuwa imetoka. Miaka imepita, tamthilia imeonyeshwa misimu minne hadi ikafika mwisho wake mwaka wa 2023, na bado kuna kijana wa Kisumu anayeitembeza picha ile mfukoni ili apate wa kucheka naye.

Utetezi wao naujua, kwa kuwa nimeusikia mara nyingi. Wanasema wanalinda uaminifu kwa vitabu vya katuni, kwamba shujaa achezwe na mtu anayefanana naye. Basi tumtazame huyo Starfire wanayemlinda. Alibuniwa mwaka wa 1980 na Marv Wolfman na George Pérez: binti mfalme kutoka sayari iitwayo Tamaran, mwenye ngozi ya rangi ya chungwa, macho ya kijani kibichi na nywele zinazowaka anaporuka. Hakuna mwanamke duniani mwenye ngozi ya rangi ya chungwa. Yeyote ambaye angepewa nafasi hiyo, awe Mzungu, Mhindi au Mwafrika, angehitaji kupakwa rangi au kuongezewa mwanga kwa kompyuta. Kama tatizo lingekuwa rangi ya chungwa, lawama zingewaendea mafundi wa vipodozi na watu wa kompyuta. Lakini hazikuwaendea. Zilikwenda moja kwa moja kwenye pua, midomo na ngozi ya Diop, na hapo ndipo ninapokataa kuendelea kuuita mjadala huo mapenzi ya katuni.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba maleba yenyewe hayakupendeza katika picha ile. Wigi lilikaa vibaya na koti lilimeza umbo lote. Shabiki ana haki ya kusema hivyo, na wakati mwingine kusema kwake husaidia: mwaka wa 2011, picha ya kwanza ya Adrianne Palicki akiwa Wonder Woman ilipolalamikiwa kwa sababu ya suruali yake ya kumetameta, watayarishaji walibadilisha suruali na viatu wakati wa kurekodi, ijapokuwa kituo cha NBC hatimaye hakikuichukua tamthilia yenyewe.

Hata hivyo, anayehukumu maleba kwa picha ya barabarani anahukumu kitu ambacho hakijakamilika. Mama yangu mdogo ni fundi wa nguo huko Kibuye, na kila mwaka shule humletea kazi za tamasha za drama. Nimeketi kando ya cherehani yake nikimtazama akishona joho la malkia kwa kitambaa ambacho, kikianikwa juani, mtu angedhani ni cha kufungia zawadi. Humwambia mwanafunzi ainue mikono yote miwili juu kabla ya kumpima, kisha huongeza kipande chenye umbo la almasi kwenye kwapa, ili nguo isipande mabegani mwigizaji anapoinua mkuki. Nguo hiyo ikipigwa picha pale sokoni saa sita mchana, kila mtu ataona nyuzi, gundi na kile kipande cha kwapani. Usiku, ndani ya ukumbi, taa zikishawashwa na mwanafunzi akishaanza kutembea, ni joho la malkia. Nguo za tamthilia hushonwa kwa hesabu hiyo hiyo. Kuna taa ambazo hazikuwashwa katika picha ya mpita njia, kuna rangi ambayo hurekebishwa baada ya kurekodi, na kwa Starfire kuna moto ambao kompyuta ilikuwa bado haijauongeza mikononi mwake. Kufikia msimu wa tatu, mwaka wa 2021, alikuwa amevaa maleba ya zambarau yanayokaribia zaidi yale ya vitabuni. Huo ndio msimu aliokuja kuuchukua yule msichana.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba haya yanasemwa hapa. Februari 2018 filamu ya Black Panther ilizinduliwa katika jiji hili la Kisumu, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuelezwa sababu: Lupita Nyong'o, binti wa Anyang' Nyong'o aliyekuwa gavana wetu wakati huo, alikuwa miongoni mwa waigizaji wakuu. Tulimwita dada yetu. Tulisimulia kwa fahari kwamba Ruth E. Carter, aliyebuni maleba yale, alichota kutoka kwa Wamaasai na Waturkana, na aliposhinda tuzo ya Oscar mwaka wa 2019 tulishangilia kana kwamba ushanga ule ulitoka katika masanduku ya nyanya zetu. Ngozi nyeusi ilikuwa uzuri, nywele fupi za kipilipili zilikuwa uzuri. Miezi miwili tu baada ya uzinduzi ule ilikuja picha ya Diop, Mwafrika mwenye weusi ule ule, na baadhi ya waliokuwa wakishangilia wakajiunga na kundi la kumzomea, kwa maneno yaliyotungwa na watu wa mbali ambao wangewazomea wao wenyewe kama wangewaona. Hasira hiyo si yetu. Tumeiazima pamoja na flashi, tukaileta nyumbani, na sasa inasikilizwa na dada zetu ambao nyuso zao ndizo zinazotukanwa. Kijana wa Kondele anayesema kwamba mwanamke mweusi hawezi kuwa binti mfalme wa sayari ya mbali ana mama mweusi, na natamani siku moja amweleze yeye, uso kwa uso, sababu zake.

Wapo wanaodai kwamba waigizaji weusi wameanza kusukumwa katika tamthilia hizi juzi tu. Mwaka wa 1967 Eartha Kitt alikuwa Catwoman katika Batman ya televisheni, na hata leo watu hukumbuka sauti yake. Candice Patton aliingia katika The Flash mwaka wa 2014 akiwa Iris West, ambaye vitabuni alichorwa mweupe, na alishambuliwa kwa ajili ya rangi yake miaka yote aliyofanya kazi hiyo. Baadaye alisema kwamba alifikiria kuondoka mapema, katika msimu wa pili. Javicia Leslie alipotangazwa mwaka wa 2020 kuwa Batwoman mpya, picha za maleba yake zilipotoka zilimwonyesha na nywele za msokoto zikitokeza wazi nyuma ya kinyago, badala ya wigi lililonyooka la mtangulizi wake. Mimi nililiona hilo kuwa ufundi wa hali ya juu, kwa sababu maleba yalibuniwa upya yamfuate aliyeyavaa. Ruby Rose, huyo mtangulizi, naye alikuwa ameihama Twitter mwaka wa 2018 baada ya kusakamwa kwa kuteuliwa tu, kwa hiyo sisemi kwamba weupe ni kinga kamili.

Ila linganisheni na mwaka wa 2025, ilipotoka picha ya kwanza ya Lanterns, tamthilia ya mashujaa wa Green Lantern wanaojulikana kwa sare ya kijani, ikimwonyesha Kyle Chandler na Aaron Pierre katika nguo za kawaida. Kelele zilizosikika sana zilidai sare ya kijani iko wapi. Kumbe inawezekana kulalamikia nguo.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu niliulizwa pale pale dukani nilipojaribu kuzungumza na yule kijana: je, ningekubali Luanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Waluo, aigizwe na Mzungu? Singekubali, na ningeandika makala ndefu kuliko hii kupinga. Luanda Magere ni wa Kano. Mwili wake wa jiwe, vita vyake na Walang'o (ndivyo Waluo wanavyowaita Wanandi), mke aliyegundua kwamba nguvu zake zimo katika kivuli, mkuki uliochomwa kwenye kivuli hicho, yote hayo yamefungamana na ardhi na watu wenye ukoo, lugha na makaburi. Ukimng'oa kwao, hakuna hadithi inayobaki. Tamaran haina ukoo wala makaburi. Hakuna jamii ya watu wa rangi ya chungwa iliyonyang'anywa binti yake Diop alipovaa koti lile, na kuna jamii nyingi za weusi ambazo kwa miongo mingi hazikupewa hata nafasi ya kusimama nyuma ya shujaa. Kijana alisikiliza, akasema bado hampendi. Kutompenda ni haki yake, mradi aseme ni uigizaji gani, onyesho lipi, mstari upi.

Lawama kubwa, hata hivyo, naziweka mlangoni pa wenye tamthilia. Wao ndio wanaochagua siku ya kutoa jina na siku ya kutoa picha, na kelele zinazofuata huwafaa, ziwe za sifa au za matusi, kwa kuwa zote huitangaza bidhaa yao. Patton ameeleza jinsi alivyoachwa apambane peke yake. Kampuni iliyo na fedha za kumlipa mbunifu, fundi, mpiga picha na mtangazaji wa maleba mapya haiwezi kudai kwamba ilikosa za kumlipa mtu wa kufuta matusi na kuwafungia wanaoyaandika, tangu saa ile ile picha inapotoka, ili mwigizaji afungue simu yake asubuhi bila woga.