Tumefungwa na Yanga, lakini kikosi hiki tukipe muda

Alhamisi ya Nane Nane, 2024, Yanga wametufunga sisi Simba 1-0 pale Uwanja wa Mkapa, na Ngao ya Jamii, kombe la kufungulia msimu, tumeiaga nusu fainali. Bao la Max Nzengeli lilitosha. Sitasema tulionewa: Yanga walistahili. Lakini tangu filimbi ya mwisho nawasikia Wanasimba wenzangu wakidai msimu huu wa 2024/25 umekwisha kabla ligi haijaanza, na hapo ndipo siwezi kukubaliana nao.

Novemba 5, 2023, watani walitupiga 5-1. Aprili 20, 2024, 2-1. Juzi, 1-0. Imeniuma kama ilivyomuuma kila mwenye jezi nyekundu, ila tutazame ni nani walikuwa uwanjani. Siku ya zile tano tulikuwa na Chama, Saido na Inonga, watu wanaoijua dabi nje ndani. Juzi tulikuwa na Debora Fernandes katikati, na Ahoua, Mutale na Mukwala wakisaka bao, wachezaji ambao mwezi Julai ndiyo kwanza walikuwa wanajuana majina kambini Ismailia, Misri. Kipa Moussa Camara ameletwa dakika za mwisho kabisa, baada ya Ayoub Lakred kuumia. Upande wa pili, Diarra, Job, Bacca, Aucho na Aziz Ki wanaingia msimu mwingine tena wakiwa pamoja. Bacca akipanda, Job anajua abaki wapi bila kuambiwa. Muunganiko wa namna hiyo hausajiliwi dirishani, na timu yetu ya wiki chache imezidiwa nao kwa bao moja tu.

Aliyenipa moyo zaidi ni Debora. Anaomba mpira hata akiwa amebanwa, na akiupata anatazama mbele. Ahoua, mchezaji bora wa ligi ya Ivory Coast msimu uliopita, bado hajapata nafasi zake, lakini mguu wake unaonekana.

Na tusisahau Mkwakwani. Agosti 2023, pale Tanga, tuliwatoa Yanga hawa hawa kwa penalti baada ya sare ya 0-0 na Ngao tukaichukua. Mitaa yote ya Msimbazi tuliimba. Yanga, waliokuwa na kocha mpya na wameondokewa na mshambuliaji wao Mayele, walinyamaza wakarudi mazoezini. Wakabeba ubingwa, na sisi tukamaliza wa tatu nyuma ya Azam, tukikosa Ligi ya Mabingwa kwa tofauti ya mabao. Kama kushinda Ngao hakukutuokoa, kuikosa kunatuzikaje?

Ninachokiogopa ni sisi wenyewe. Msimu uliopita kocha Robertinho aliondoka baada ya zile tano, akaja Benchikha, naye akaondoka kabla ligi haijaisha, Mgunda akaachiwa kumalizia. Makocha watatu, kila mmoja na mfumo wake. Ni mchezaji gani atakua katika hali hiyo? Fadlu Davids, kocha tuliyeletewa msimu huu wa 2024/25, ametoka benchi la Raja Casablanca iliyochukua ubingwa wa Morocco bila kufungwa hata mechi moja. Anajua kazi. Viongozi wamevunja kikosi kizee na kuleta vijana, uamuzi ambao mashabiki tuliudai kwa sauti kubwa. Sasa wasianze kutetereka kwa kelele za vijiweni, na sisi tusiwe ndio wapigaji wa kelele hizo.

Jumapili tunacheza na Coastal Union kutafuta mshindi wa tatu. Wengi wanaidharau mechi hiyo, mimi naihesabu kuwa dakika 90 za bure za kuwaweka Ahoua na Mukwala karibu zaidi, kwa sababu juzi walikuwa mbali mno. Agosti 18 ndiyo ligi, na Tabora United. Ningependa jukwaa lijae siku hiyo, na Mukwala akikosa bao la kwanza apigiwe makofi aende kutafuta la pili.