Mashekhe wa Barafuni

Mimi nikipanda boti ya kutoka Lamu kwenda Mokowe, bara hapo ng'ambo, natapika. Safari ambayo watoto wa skuli huimaliza mabuyu yangali mkononi, mimi huimaliza nimeinama ubavuni mwa boti, mtu amenishika ukosi wa shati nisije nikafuata nilichokitoa. Basi la Mombasa hunishinda kabla ya Witu. Kwa hivyo mtu asinicheke nikisema dunia nimeizunguka kwa njia niliyoiweza: chali, juu ya kitanda cha kamba, darini kwetu Mkomani, kwa vitabu vya maktaba ya ngomeni na kwa sinema.

(Bibi yangu hiyo maktaba huiona kichekesho. Ngome yetu ilikuwa jela mpaka 1984, na yeye husema enzi zake aliyetaka kuingia ngomeni ilimbidi kwanza aibe kuku.)

Msidhani sikufika mbali. Nimefuatana na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, tangu alipotoka Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, na sikumwacha njiani. Nilipomsomea Bibi kwamba mwaka 1331 bwana huyu alipita Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akateremka mpaka Kilwa, na Lamu hakuitaja hata kwa neno moja, Bibi aliguna. "Apite mlangoni asibishe hodi? Huyo hakulelewa."

Balaa lilianza na puto. Pale barazani Mkunguni kuna nahodha mstaafu ambaye hakuna bandari asiyoijua, na ile asiyoijua huwa imekufa. Jioni moja akasema yule Mwingereza aliyezunguka dunia kwa siku themanini alikwenda kwa puto. Mimi kitabu chenye kisa hicho, cha Jules Verne, nimekisoma. Kilitoka 1873, kina meli, kina gari moshi, kina tembo, kina hata kigari cha tanga kinachoteleza juu ya theluji. Puto hamna. Puto walilitia watu wa sinema mwaka 1956. Nikasema hivyo, tena kwa adabu.

"Wewe uliyeshindwa na Mokowe," akaniuliza, "ndiye wa kunifunza mimi safari?"

Baraza likacheka mpaka muuza kahawa akamwaga kikombe. Nikaapa nitaileta hiyo sinema, na kitabu nitakishika mkononi, na kweli itajulikana.

Kwa bahati mimi ni fundi wa simu, na dukani palikuwa na projekta iliyoletwa feni yake imejaa mchanga. Niliitengeneza siku moja. Mwenyewe hakurudi kuichukua. Sasa, fundi mwaminifu harudishi chombo cha watu bila kukijaribu. Nilikijaribu wiki sita, kila Ijumaa baada ya isha.

Ijumaa ya kwanza watu wakajaa dari, mimi nimesimama na kitabu kama hatibu. Puto lilipopaa, makuti yalitikisika kwa vigelegele. Nahodha akanigeukia pole pole: "Kitabu chako kimesahau." Mpaka leo ndilo jina langu. Ukifika Lamu ukaulizia fundi wa simu utazungushwa vichochoro vyote. Ulizia Kitabu-Kimesahau, hata punda atakuonyesha.

Lakini watu walirudi, na mimi sikuwa na haya ya kufunga mlango. Ijumaa moja tukaenda Venice, mji usio na magari kama wetu, ila wao vichochoro vyao vina maji ndani. Alikuwapo ami yangu, fundi wa majahazi kutoka Matondoni. Alipoiona gondola akapiga paja: "Chombo kimeenda upande! Aliyekiunda alikuwa na jicho moja." Hapo nikapata heshima yangu kidogo, maana hilo nilikuwa nimelisoma. Ubavu wa kushoto wa gondola hupanuliwa makusudi, sentimita 24 kuliko wa kulia, kwa kuwa mpiga kasia ni mmoja na kasia lake liko upande mmoja. Kingekuwa sawasawa kingezunguka hapo hapo kama kuku aliyechinjwa. Ami akanyamaza, akakiangalia tena chombo, akasema, "Basi si jicho moja. Ni bahili, hakutaka kuajiri mtu wa pili."

Kasoro ilikuwa shuka. Tulitundika shuka la kitanda chetu, nalo ni la maua. Kila mwigizaji duniani alikuwa na waridi shavuni. Jambazi mwenye waridi jichoni hamtishi mtu. Alipotoa bastola watoto walicheka. Kwa sinema ya watu nilivumilia. Lakini Ijumaa ya sita niliwaahidi majirani kuwapeleka bara la Ncha ya Kusini, kilomita za mraba milioni 14, karibu zote barafu, na barafu yenye maua sikuiweza. Saa moja usiku nikamwita binti yangu, ana miaka minane.

"Nenda kwa Bibi mkubwa, fungua sanduku lake, uniletee kitambaa cheupe chochote. Usimwamshe."

Akaja na kitambaa kilichokunjwa vizuri, bafta safi, ndefu, nyeupe mpaka inaumiza macho. Ilikuwa na harufu kali. Nikajiambia ni dawa ya nondo. Nikisema kweli, pua iliniambia jambo jingine, nikainyamazisha, maana watu walikuwa wamekwisha anza kupanda ngazi. Nikachukua nyundo na misumari minne, nikaigonga kwenye boriti.

Wallahi, picha ilikuwa nzuri! Barafu ilikuwa barafu. Mama mmoja akajifunga leso mabegani kwa baridi, na sisi tuko digrii mbili tu chini ya ikweta, jasho linatutiririka. Kisha wakatokea pengwini, wale wakubwa wanaomfika mtu kiunoni, wamepanga safu, wanayumba, kifua cheupe na mgongo mweusi.

Hapo ndipo Bibi alipotokea kichwa cha ngazi. Vicheko vilikuwa vimemwamsha. Umri wake haujulikani, wanaoujua wamekwisha kufa. Watu wakampisha kiti cha mbele. Akaangalia ile safu ikipita, akaangalia, akashika kidevu.

"Mashallah. Zefe ya Maulidi. Mashekhe hawa ni wa wapi, na mbona joho zote ni moja?"

Nikamweleza si mashekhe, ni ndege. Mke akishataga humwachia mume yai, naye huenda zake baharini kula. Mume huliweka juu ya miguu yake, akalifunika na ngozi ya tumbo, akasimama nalo gizani, katika baridi ya kukausha mate, kiasi cha siku 65, bila kula kitu.

Upande wa wanawake ukalipuka. "Haya! Haya! Mmesikia?" Mke wangu akanitazama mimi peke yangu katika waume wote waliokuwapo. Nikazidi kujichongea: nikasema mtoto akianguliwa kabla mama hajarudi, baba humlisha kitu kama maziwa kinachotoka kooni mwake. Nahodha akasema huo ni uongo wa kitabu. Bibi akamwambia anyamaze, anamharibia.

Pepo za usiku zikaingia kutoka mkondoni. Kitambaa kikatuna, pengwini wote wakashika mimba kwa pamoja, watoto wakagaagaa kwa kicheko. Kisha ile harufu ikaja juu yetu, nzito.

Bibi akanusa. Akanusa tena.

"Kafuri," akasema. "Yeo ni nani aliyekufa?"

Hakuna aliyejibu. Akainuka, akaenda mpaka kwenye kitambaa, pengwini wakimtambaa usoni na kwenye leso, akashika pindo la chini akalipapasa kwa vidole, taratibu, mpaka pembeni. Pale pembeni palikuwa na uzi mwekundu, mishono mitatu. Nami niliuona wakati uleule aliouona yeye.

"Hii ni sanda yangu."

Wasioujua mji wetu niwaambie: wazee wetu wengi sanda zao wanazo ndani, tayari. Ya Bibi aliinunua mwenyewe, akaenda nayo Makka alipohiji, akaiosha kwa maji ya Zamzam kwa mikono yake, akaianika, akaikunja na kafuri na pamba. Kila mwaka huitoa kuipigisha upepo. Na mimi nimeigonga misumari minne na kuipitishia ndege.

Dari lilikuwa na watu zaidi ya thelathini, na ngazi zetu ni za nyumba za kale: mtu mmoja akishuka, wa pili husubiri. Usiku ule walishuka wote pamoja. Mmoja alisoma "Inna lillahi" kwa sauti, na hilo ndilo kosa kubwa la usiku mzima, kubwa kuliko langu. Ndara zilichanganyika hivi kwamba nahodha alikwenda kwao na kiatu cha kike, chenye ua. Nilibaki mimi, Bibi, na pengwini elfu kadhaa wasiojua lolote.

Hakunipiga wala hakunitukana. Aliniambia, "Zima taa za watu," akaikunja sanda yake akashuka nayo. Sikulala.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe kule chini watoto walikuwa wamesema sanda ya Bibi imetolewa, na mtu akaongeza kwamba Inna lillahi ilisomwa, na habari ilipofika Langoni Bibi alikuwa amekwisha oshwa.

Alfajiri, giza bado, Bibi yuko darajani kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, anavuta tasbihi kama kawaida yake. Wakaingia wanawake watano, mabuibui mpaka machoni, wanalia. Bibi moyo ukampasuka: kuna maiti mtaani na yeye hana habari! Akawapokea akilia. Mmoja akamwangukia begani, "Bibi wa watu jamani, Bibi wa watu," na Bibi anampapasa mgongoni, "Nyamaa mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa." Walilia hivyo kitambo, mpaka mke wangu akatoka na taa.

Yule aliyeko begani akainua uso. Ukelele alioutoa uliwaamsha punda wa mtaa wa pili. Kiatu chake kimoja kiko kwetu mpaka sasa.

Bibi akauliza, "Mwamlilia nani?" Wakatazamana. "Wewe, Bibi."

Kabla hajajibu, kichochoroni wakatokea wanaume wametoka msikitini, wanne mbele wamebeba jeneza tupu. Wakamkuta marehemu amesimama mlangoni mikono kiunoni. Niliinama nyuma ya mlango, mlango wa Lamu una unene, namshukuru aliyeuchonga.

Mtu mwingine angefukuza. Bibi hakufukuza. "Mmekuja kunililia? Kaeni basi." Akaagiza chai. Sukari na mahamri ya matanga yalikuwa yanaingia tangu alfajiri, yakaliwa. Akaketi kwenye baraza ya daka, na kila anayefika alimtazama vizuri na kumtia akilini. Aliyekuja analia kweli alipewa hamri la pili. Jirani mmoja aliyeingia na macho makavu aliambiwa, "Ukifa wewe nitakuja hivyohivyo."

"Ami yako wa Matondoni yuko wapi?" akaniuliza saa tatu. Saa tano akauliza tena. Ami alifika adhuhuri imeadhiniwa, ametota jasho, akamkuta mamake anakula.

"Ningekuwa nimekwisha zikwa," Bibi akamwambia.

Hukumu yangu ilitoka alasiri: niende Mombasa, mimi mwenyewe, nisitume mtu, nikanunue bafta nyingine, kisha nimtafute mwenda Umra aioshe kwa Zamzam. "Bafta," akakazia, "usiniletee marekani." Marekani ni ile nguo isiyopaushwa, jina lake limetokana na viwanda vya Massachusetts vilivyotuletea karne ya 19. Nilitaka kumweleza hayo, mke wangu akanifinya.

Nilitapika Mokowe. Nilitapika Witu. Garsen sikuwa na cha kutapika, nikaendelea kwa mazoea. Ndiyo safari yangu ndefu kuliko zote, na sina la kusimulia zaidi ya rangi ya mfuko.

Bafta ilipopata mtu wa kuipeleka Makka, Bibi aliniita chumbani. Ile ya zamani ilikuwa mapajani mwake, matundu manne ameyazungushia uzi.

"Yule mke," akasema, "aliyekwenda baharini akamwachia mumewe yai. Alirudi?"

"Bibi, alirudi, tena..."

"Usiniambie. Kaitundike."

Ijumaa hiyo majirani walipanda na ndara zao mkononi. Bibi alikaa mbele kabisa. Tulimwona yule baba amekonda, barafu mpaka kwenye kope, kisha safu nyeusi ikatokea kwa mbali kutoka baharini. Ndege wote ni sura moja. Mke akasimama katikati ya maelfu akaita, mume akaijua sauti, akaitika. Dari zima kimya. Hata nahodha alikuwa anapangusa jicho, na mguuni bado ana kile kiatu chenye ua.

Bibi alimtazama yule mama mpaka alipomfikia mwanawe, akasonya.

"Amechelewa kuliko Ami yako."