Harewood House: viache viti, tazama mpangilio

Wengi hutoka Harewood House, jumba la kale kule Yorkshire nchini Uingereza, wakiwa na picha tele za viti vya dhahabu. Kwa mwenye sebule ndogo picha hizo hazina kazi. Nyumba ile ilianza kujengwa mwaka 1759. Robert Adam alibuni vyumba, Thomas Chippendale akaunda samani. (Fedha zilitokana na sukari na utumwa wa West Indies, yaani visiwa vya Karibi, na halipiti kimyakimya hilo.) Cha kujifunza pale ni jinsi vitu vinavyoitikiana.

Ingia chumba cha muziki. Tazama dari, kisha inamisha macho: zulia linarudia mchoro wa dari. Nyumbani chagua umbo moja tu, tuseme duara. Tandika zulia la duara, tundika taa ya mviringo juu yake, basi. Kinachoharibu kazi hii ni kukosea kitovu, yaani katikati ya chumba. Mara nyingi waya wa taa hutokezea pale palipokuwa rahisi kuupitisha, na taa ikienda upande hata sentimita 10, jicho litaona. Kabla ya kununua chochote, vuta nyuzi mbili kutoka kona hadi kona; zinapokatana ndipo katikati ya chumba. Hamisha waya kwanza, zulia lije baadaye.

Kwenye ukumbi mrefu wa picha, juu ya madirisha, kuna mbao zilizochongwa na kupakwa rangi hata ukadhani ni kitambaa kilichokunjwa. Usihangaike kuchonga. Iga mahali zilipo: juu ya dirisha, zikificha fimbo ya pazia. Kwako, funga fimbo sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu, uizidishe sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisile mwanga.

Kuhusu rangi, kuwa mwangalifu sana. Nyumba za aina hii hupunguza mwanga ili vitambaa visipauke, na vingi vimekwisha pauka. Rangi iliyokupendeza kwenye chumba chenye giza inaweza kukusumbua macho mchana kweupe. Paka rangi hiyo mara mbili kwenye ubao mkubwa, uusogeze ukuta hadi ukuta, asubuhi na jioni, kwa siku mbili.

Jambo la mwisho ni ule ukanda wa mbao unaozunguka ukuta. Karne ya 18 viti vilipangwa ukutani, vikavutwa vilipohitajika. Ukanda ulizuia migongo ya viti isichubue plasta. Leo watu huupigilia nusu ya ukuta, na chumba kinaonekana kukatwa vipande viwili. Sogeza kiti chako ukutani, tia alama mgongo unapogusa. Kwenye chumba chenye kimo cha mita 2.4, alama ikiwa kati ya sentimita 75 na 85, piga ukanda hapo. Ikizidi 90, uache kabisa.